Siku Kuku Walipokataa Kula

Numerius alibandika sikio kwenye ukuta wa udongo, akasikiliza. Ko. Ko. Kimya. Ko. Hakuwa mtu wake anayegonga. Watu wake wote thelathini na tisa walikuwa nyuma yake, wameketi katika kiza cha handaki, sururu mapajani, wakimsoma uso. Sauti ilitoka mbele, kushoto kidogo. Wakarthago nao walikuwa wanachimba, na walikuwa wanamjia.

Alirudi kwenye bakuli la shaba alilolifukia nusu ardhini. Maji ndani yake yalitetemeka kila adui alipogonga.

“Wamebakiza ngapi?” aliuliza Oppius, msaidizi wake, mtu mfupi mwenye mabega kama ya ng'ombe wa kulimia.

“Hatua tano. Sita, kama ni wavivu.”

“Wangekuwa wavivu, sisi tungekuwa hapa mwaka wa tisa?”

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine Oppius akifungua mdomo watu hucheka kabla hajamaliza.

Miaka tisa Roma ilikuwa imeuzingira Rusmun, mji wa Wakarthago kwenye pwani ya magharibi ya Sisilia, na miaka tisa Rusmun ulikuwa umekaa palepale, unakula, unalala, unawatukana Warumi kutoka juu ya ukuta. Si kwamba Warumi hawajui vita. Kilichowaponza ni desturi yao wenyewe. Kila mwaka Roma huchagua wakuu wapya, na kila mwaka jemadari mpya huja Rusmun na wazo jipya, maana hakuna bwana mkubwa wa Kirumi anayekubali kumalizia kazi aliyoianza mwenzake. Sifa si zitakwenda kwa mwenzake? Mmoja aliziba mdomo wa bandari kwa mawe. Aliyemfuata akasema mawe ni upuuzi, akajenga kilima cha udongo kuelekea ukutani. Wa tatu akakibomoa kile kilima ili apate udongo wa kujengea ngome yake. Askari waliubeba udongo uleule huku na huko mpaka wakawa wanausalimia.

Jemadari wa mwaka huu askari walimwita Kipara, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Yeye alikuja na wazo la handaki, na kwa mara ya kwanza wazo lilikuwa zuri. Unachimba chini kwa chini mpaka chini ya mnara mkubwa wa lango, unaushikilia mnara kwa nguzo za mbao usikuangukie, halafu unazichoma nguzo. Numerius alikuwa amechimba visima tangu utotoni huko kwao, milima ya Wasabini, kwa hiyo kazi akapewa yeye. Na Kipara akaapa mbele ya madhabahu, jeshi zima likisikia, kwamba siku mnara utakapoangushwa kwa mikono ya watu wa handaki, watu hao arobaini watapanda meli ya kwanza kurudi makwao, na hakuna atakayewaita tena vitani.

Basi walichimba. Miezi minane, hatua mia mbili na kumi, mgongo umepinda, uji wa ngano wenye mchanga asubuhi, maji yenye siki jioni. Numerius alikuwa na binti aliyemwacha anatambaa. Sasa aliambiwa mtoto anasuka nywele zake mwenyewe. Katika miaka hiyo yote alikuwa amemwona mara mbili. Oppius alikuwa na mwana wa miaka mitatu ambaye hajamtia machoni hata siku moja. Kila mmoja chini pale alikuwa na mtu wake, na kila kapu la udongo lililotoka lilikuwa ni hatua moja ya kuelekea kwa mtu huyo.

Na kazi ilikuwa imekwisha. Chumba chini ya mnara kilikuwa na nguzo sitini, kila moja imepakwa mafuta ya nguruwe unene wa kidole, na katikati yake kuni kavu zimejazwa hadi kiunoni. Kilichobaki kilikuwa moto tu, na kupambana na panya. Panya wa mji mzima walikuwa wamepata habari za yale mafuta. Waliramba nguzo bila haya, na Oppius alikuwa amewapa vyeo: wembamba ni askari, yule mnene anayekula bila kufanya kazi ni jemadari.

“Nakwenda juu,” Numerius alisema. “Mkisikia wamekaribia zaidi, mnaniita.”

Nje jua lilikuwa limepanda kiasi cha saa mbili. Jeshi zima lilikuwa limejipanga tangu alfajiri, ngazi mkononi, macho kwenye mnara. Jemadari wa Kirumi haanzi vita mpaka kuku wake watakatifu wale chakula, na kuku wa Kipara walikuwa wamekula asubuhi ile kwa pupa mpaka makombo yakawadondoka midomoni. Ishara njema kupita hiyo hakuna. Kipara mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya hema lake anatabasamu.

“Mheshimiwa,” Numerius alisema, “adui amebakiza hatua tano kutufikia. Tayari kila kitu. Niwashe?”

Kipara alinyanyua mkono. Mdomo alikuwa ameshaufungua, Numerius aliyaona hata meno yake. Ndipo tarumbeta ikalia kutoka ufukweni: meli zimeonekana. Jemadari mpya amefika, siku mbili kabla ya siku yake.

Mkono wa Kipara ukashuka.

“Ngoja,” akasema.

“Mheshimiwa?”

“Mwache afike. Nataka mnara uanguke yeye akiwa amesimama hapa, pembeni yangu, domo wazi. Akawasimulie Roma.”

“Mheshimiwa, akishaingia langoni...”

“Sheria naijua, mchimba visima. Kutoka ufukweni hadi hapa ni mwendo wa nusu saa. Niletee joho langu jekundu,” alimwambia mtumishi wake. “Lile jipya.”

Akaingia hemani kuvaa. Numerius alibaki amesimama pale kama mtu aliyenyang'anywa kijiko mdomoni. Sheria hiyo kila askari aliijua. Mbele ya jemadari hutembea watumishi kumi na wawili wenye matita ya fimbo mabegani. Matita ya jemadari mpya yakishavuka lango la kambi, amri ya jemadari wa zamani ni upepo. Anaweza kuamuru maji yachemke, yasichemke.

Na jemadari mpya hakuja kwa mwendo wa nusu saa. Alikuja kwa farasi, watumishi wake wakikimbia mbele wanahema, na Kipara alipotoka hemani akijifunga kifungo cha joho, matita ya fimbo yalikuwa yameshaingia ndani ya kambi, hatua ishirini kupita lango.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alinong'ona askari mmoja mstarini. Mwenzake akaguna.

Jemadari mpya alikuwa kijana wa ukoo mkubwa, na kabla hajashuka farasi askari walikuwa wameshampa jina: Manukato. Alinukia kutoka mbali. Alilitazama jeshi, akatazama ngazi, akamtazama Kipara kama mtu anayemkuta mgeni jikoni kwake.

“Nani kawapanga hawa?”

“Mimi,” alisema Kipara. “Mnara unaanguka leo. Toa neno tu.”

“Handaki la nani?”

“La kwangu.”

“Basi tatizo ndilo hilo,” alisema Manukato.

Numerius hakuweza kuvumilia. Alimshika mkono akida Sertor, ofisa aliyesimamia kazi ya handaki, mtu mwema asiyependa matatizo.

“Afande, mwambie. Wamebakiza hatua tano. Wakitoboa wanamwaga maji mle ndani, au wanatuchoma kwa moshi, na miezi minane imekwenda.”

Sertor alisogea, akasema kwa sauti ya chini, akainamisha kichwa mara tatu. Manukato alisikiliza akijipepea.

“Mimi si mtu wa wivu,” akajibu, kwa sauti kubwa ili wote wasikie. “Miungu wakikubali, shimo litawashwa, hata kama ni la mtu mwingine. Leteni kuku.”

Wakaletwa kuku. Walikuwa sita, kwenye tundu la fedha, kutoka Roma yenyewe, na walikuwa wametoka melini muda uleule. Mtunza kuku alifungua tundu, akamwaga makombo ya mkate. Kuku mmoja alitoka akayumba, akakaa. Wa pili alitazama makombo kwa jicho moja, akageuka akatazama kwa jicho la pili, akafumba yote mawili. Wengine hawakutoka kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri baharini angejua wana nini.

“Hawali,” alitangaza mtunza kuku.

“Bahari imewachafua tumbo,” Numerius alisema, na safari hii alisema mwenyewe, bila kupitia kwa afande. “Mheshimiwa, nakuomba. Kuku wa jemadari... wa jemadari aliyepita wamekula asubuhi hii, watu wote wameona.”

“Walimlia nani?”

“Mheshimiwa?”

“Walimlia yeye. Mimi hawajanilia kitu. Kwangu hao ni kitoweo.” Akageukia tundu. “Tutasubiri.”

Wakasubiri. Saa tatu ikafika, ikapita. Jeshi lilisimama juani, jasho likiwatiririka chini ya kofia za shaba. Juu ya ukuta wa Rusmun Wakarthago walikuwa wamejipanga kuangalia, na mmoja wao aliyekijua Kilatini cha sokoni akapaza sauti, “Vipi, majirani? Kuku hawajala bado?” Miaka tisa ni mingi. Walikuwa wanazijua tabia za Warumi kuliko mama waliowazaa.

“Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,” askari yule wa kwanza akanong'ona tena, na mstari mzima ukacheka kicheko cha watu wenye hasira.

Numerius hakucheka. Hasira ilikuwa imempanda mpaka macho yakaanza kumwasha. Hasira si kwa Manukato tu. Alimtazama Kipara katika joho lake jekundu, anapigapiga mguu chini, akafikiri: neno moja. Ulikuwa na neno moja mdomoni, ukakimbilia nguo. Ngojangoja huumiza matumbo, watu husema, lakini tumbo linaloumia kamwe si la yule anayesema ngoja.

Oppius alitokea kwenye mdomo wa handaki, akaja mbio, vumbi limempaka hadi kwenye kope.

“Bakuli limemwagika,” alisema.

“Limemwagika vipi?”

“Maji yametetemeka mpaka yakamwagika, bwana! Hatua mbili. Nasikia wanazungumza. Mmoja ana kikohozi.”

Numerius alimtazama kuku aliyekaa. Kuku alikuwa amelala.

Akageuka akaenda zake. Sertor alimwona akienda, na Sertor, mtu mwema asiyependa matatizo, akageuza uso akaanza kukagua kamba za kiatu chake.

Chini, Numerius aliwatoa wote. “Nje. Nyote. Msitazame nyuma, mkae mahali watu wawaone.” Walitoka wameinama, mmoja mmoja, hakuna aliyeuliza kitu. Oppius alibaki.

“Nje nimesema.”

“Mzee, wawili huwasha haraka kuliko mmoja.”

“Moto wa mtu mmoja ni kosa la mtu mmoja. Unamjua mtu anayewasha bila amri anafanywa nini?”

Oppius alijua. Wote walijua. Akida humgusa kwa fimbo, halafu wenzake wa kazi, wale anaokula nao sufuria moja, humpiga kwa virungu mpaka afe. Ni lazima wawe wenzake. Ndiyo sheria.

“Na miye nishike kirungu nikupige?” Oppius aliuliza.

“Utanipiga, utapanda meli, utakwenda kumwona mwanao. Chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Lete taa.”

Oppius alimpa taa ya udongo, akatoka.

Numerius aliiinamisha taa juu ya kuni. Mafuta ya nguruwe yalishika mara moja, moto ukapanda nguzo ya kwanza ukilia, panya wakamiminika kati ya miguu yake kutafuta njia. Alikimbia pamoja nao, mikono na magoti, hatua mia mbili na kumi, moshi ukimfukuza. Alipotoka nje alikuwa analia, na hakujua kama ni moshi.

Moshi ulianza kutoka ardhini chini ya mnara. Mistarini watu wakaanza kugusana viwiko. Manukato alikuwa bado ameinama kwenye tundu.

Kisha mnara ukakohoa. Ndivyo Numerius alivyousikia, kama mzee anayekohoa kabla ya kusema. Ulikaa chini kwanza, wima, na heshima zake zote, halafu ukalala ubavu na kuivuta sehemu ya ukuta pamoja nao. Vumbi lilipotulia, palikuwa na pengo ambalo mikokoteni mitano ingeingia sambamba, na ndani yake mtaa ulionekana, na nguo zilizoanikwa, na punda amesimama.

Kelele zilizotoka kwa jeshi hazikuwa za vita. Ilikuwa ni furaha ya miaka tisa. Mstari wa mbele uliinua ngazi ambazo sasa hazikuhitajika, ukachukua hatua.

“Mtu asitoke!” Manukato alipiga ukelele. “Asitoke mtu! Kuku hawajala!”

Wakasimama.

Ni Warumi, waliambiwa wasimame, wakasimama. Watu elfu nane wenye panga walisimama wakatazama pengo, na pengo likawatazama. Wakarthago nao walisimama ndani yake wamepigwa na butwaa, mikuki imeelekezwa, wakingoja kufa. Hawakufa. Waliangaliana. Mmoja akaondoka akarudi na mlango. Wengine wakaleta mikokoteni, wakaipindua, wakaleta magogo, mapipa, makabati. Kikongwe mmoja alileta benchi la nyumbani kwake, akaliweka, akalitikisa kuona kama limekaa sawa, akaenda kuleta la pili. Mpaka saa nane pengo lilikuwa limezibwa kimo cha mtu, na nyuma yake mafundi walikuwa wanajenga kwa mawe yaleyale ya mnara.

Saa tisa kuku mmoja alikula chembe mbili. Mtunza kuku alisema mbili hazitoshi.

Numerius hakukimbia. Alikuwa amekaa juu ya kapu la udongo lililopinduliwa, karibu na mdomo wa handaki uliokuwa bado unafuka moshi, akimtazama yule kikongwe. Sertor alipomjia na askari wawili alinyoosha mikono mwenyewe wamfunge.

Mbele ya madhabahu Manukato alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, Kipara amesimama pembeni. Wale watu thelathini na tisa walipangwa mstari. Jeshi lilizunguka pande tatu.

“Nitasema wazi,” Manukato alianza. “Kuna ahadi iliyotolewa kwenye madhabahu hii. Ahadi ya madhabahuni haiondoki na mtu, hubaki na jeshi, na mimi naiheshimu. Kama mnara umeangushwa kwa mikono ya watu wa handaki, watu hao waende kwao, meli ipo. Lakini mkono uliowasha moto huku miungu wamekataa, mkono huo nao una malipo yake. Wenzake watamlipa kwa virungu, hapa, kabla ya jua kuzama. Haya. Nani aliwasha?”

Numerius alivuta pumzi. Hesabu ilikuwa rahisi, alikuwa ameshaipiga juu ya kapu: mmoja kwa thelathini na tisa. Hakuwa shujaa. Ila angalau kitu kimoja katika miaka hii tisa kingefika mwisho wake.

“Mheshimiwa, ni—”

“Mshitakiwa huulizwa mwisho,” Sertor alimkatiza haraka. “Ndiyo desturi. Kwanza mashahidi.”

Wakaletewa jiwe. Ni jiwe la kiapo la Jupita, mungu mkuu wa Warumi: unalishika, unasema unachojua, unalitupa, na kama umesema uongo kwa makusudi basi Jupita akutupe wewe kama ulivyolitupa jiwe. Numerius alikuwa ameona watu wazima wakitetemeka kulishika. Wa kwanza mstarini alikuwa Oppius.

Oppius alilishika jiwe.

“Panya,” alisema.

“Nini?”

“Panya aliangusha taa, mheshimiwa. Kule chini wamejaa, kwa ajili ya mafuta ya nguruwe. Yupo mmoja mnene sana. Tuliacha taa ukingoni, akapita, akaigonga kwa mkia. Tukakimbia. Mikono yetu haimo kabisa.” Akalitupa jiwe mbali.

Numerius alimgeukia. “Oppius, wewe—”

“Mshitakiwa anyamaze!” alisema Sertor.

Jiwe likaokotwa, likapewa wa pili. Wa pili alikuwa mtu wa dini, anayeosha mikono kabla ya kula hata kitunguu. Aliifuta mikono yake kwanza. “Panya,” akasema, akatupa. Wa tatu: “Panya.” Wa nne alikuwa na mama kipofu anayemngoja. “Panya.” Mtu mmoja mmoja, polepole, kila mmoja akiitazama meli kule ufukweni kabla ya kulishika jiwe, na kila mmoja akilitupa. Wa ishirini na moja alilia waziwazi. “Panya,” alisema, huku akijifuta pua. Jeshi lilikuwa kimya hata ukasikia jiwe likidunda.

Ilipofika wa thelathini na tisa, Manukato alikuwa anatabasamu. Panya huyu alikuwa mzuri. Panya hana ukoo, hana joho jekundu, hawezi kurudi Roma kudai sifa. Mtunza kuku akamwinamia sikioni, na yeye akaitikia kwa kichwa kwa furaha zaidi: kila mtu anajua kwamba sauti ya panya huharibu ramli. Kumbe ndiyo maana kuku walikataa! Kuku hawakuwa na kosa.

“Na wewe?” alimwuliza Numerius. Jiwe lilikuwa mkononi mwake tayari.

Numerius aliwatazama. Walikuwa wamemfunga kuliko kamba. Akisema kweli sasa, wote thelathini na tisa wameapa uongo kwa jiwe la Jupita mbele ya jeshi, na wote watakufa. Oppius alikuwa anamtazama bila kupepesa.

“Panya,” alisema Numerius, meno yamebana. Hakulitupa jiwe, lilimponyoka.

“Basi hakuna aliyewasha, hakuna wa kupigwa,” Manukato alisema akisimama. “Na hakuna aliyeangusha mnara, hakuna wa kwenda nyumbani. Aliyestahili meli ni panya.” Akacheka, akasubiri wengine wacheke. Kipara akaenda kufungasha mizigo yake. Ile meli aliipanda yeye.

Kesho yake asubuhi walipewa kazi mpya. Manukato alikuwa amelipenda wazo la handaki, alichokataa ni lile la mwenzake. Lake litaanzia upande wa kaskazini, na ahadi ya meli ni ileile. Numerius alipiga sururu ya kwanza, ikarudi mikononi mwake ikilia. Akapiga pengine. Mwamba.

“Miezi mingapi?” Oppius aliuliza.

“Kwa mwamba huu? Kumi na mitatu.”

“Na Manukato anakaa mingapi?”

“Kumi na miwili.”

Oppius alianza kuokota vipande vya mawe na kuvitia kapuni. Hapo Numerius akashindwa kuvumilia. Alitupa sururu chini.

“Wapumbavu nyie! Sasa hivi mngekuwa melini! Mmeapa uongo kwa Jupita, watu thelathini na tisa, kwa ajili ya mtu mmoja!”

“Jupita naye achimbe miezi minane, halafu aje tuzungumze.”

“Sitaki utani, Oppius. Mwanao je? Miaka mitatu! Mwanao je?”

Oppius alijaza kapu mpaka juu, akalitikisa mawe yakae.

“Wangu hajui sura yangu,” alisema. “Hana anachokikosa. Wako anakujua.” Akalibeba kapu begani. “Chimba, mzee. Watu wanakungoja.”